Zamu ya Tantine Odette

Kwako Mwajuma, uliyevuka mto ukiwa umeninunia,

Najua umekwenda Lubunga kumuaga tonton wako, ndugu yangu, na najua pia kwamba ungeweza kwenda jana. Umekwenda leo saa saba, jua la utosi, kwa sababu ulitaka kutoka mbele ya macho yangu kabla hujanijibu. Ulifanya vizuri. Ungenijibu, ningekujibu, na papa yako angechukua redio yake akahamia kwa jirani kama ilivyo desturi yake. Sasa nyumba imetulia, mboga ya pondu uliyoiomba iko motoni, nami nimekaa hapa mezani penye makaratasi yako. Nina saa mbili, labda tatu, kabla hujarudi. Maandishi yangu unayajua, kwa hiyo vumilia.

Sitakuandikia habari ya chandarua, wala ya maji ya kuchemsha, wala namba za kupiga ukiumwa. Hayo nimeyasema tangu wiki iliyopita, mpaka ukaanza kuyasema pamoja nami kwa sauti yangu, huku unacheka na papa yako. Nataka kukuandikia juu ya lile neno nililosema leo mchana.

Ulikuwa umetandaza karatasi yako kubwa hapa mezani, ukaniita, "Maman, kuya uone." Nikaja. Nikaona visanduku na mishale, vyote vimepigwa kwa rula: mwenyekiti juu, makamu chini yake, kisha kamati nne zimepangwa safu moja. Ukanieleza kwamba huo ndio muundo mpya wa muungano wa wakulima wa mpunga kule Bafwasende, kwamba shirika lako limekuajiri uwasaidie kujipanga, na kwamba ukifika tu utaitisha mkutano uwaonyeshe. Nikakuuliza wao wenyewe walisema nini. Ukaniambia hujawaona bado. Basi nikachukua orodha ya wanachama, maana mimi hupenda kusoma majina ya watu, na kwenye mstari wa tisa nikaona jina la Tantine Odette. Jina lake na jina la baba yake, hakuna wa kufanana naye. Hapo ndipo nikasema kwamba karatasi yako inafaa kufungia mikate. Ukaikunja polepole, ukaiacha mezani, ukatoka.

Naomba unisamehe. Karatasi haina kosa, na mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Ni kwamba niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali, hilo umelijua tangu utotoni. Niliona unakwenda kumfanyia Odette jambo lile lile nililomfanyia mimi, tena kwa nia njema ile ile. Na yeye akikuona tu atajua wewe ni mtoto wa nani.

Wewe hulijui jambo lenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja alipoacha kuja kwetu. Uliuliza siku nyingi, nami nikakujibu kwamba ana shughuli, kwamba yuko mbali, kwamba watu wazima wana mambo yao. Baadaye ukaanza kumwita "yule aliyetutupa," nikakuacha umwite hivyo. Nimekuacha miaka kumi na mitatu. Odette hakututupa, Mwajuma. Nilimfukuza mimi, bila kumfukuza kwa mdomo.

Unaikumbuka mashine yetu ya kukoboa mpunga, kule upande wa Simi-Simi? Lazima unaikumbuka, ulikuwa ukirudi nyumbani na pumba mpaka masikioni. Tuliianzisha wanawake kumi na wanne, na majirani wengi wakawa wanakuja kukoboa kwetu. Mashine ilikuwa moja, na umeme ulikuwa ukija na kwenda unavyotaka, kwa hiyo swali la kila asubuhi lilikuwa moja tu: nani aanze?

Tulikuwa na namna yetu ya kulijibu. Kila mtu alifika na gunia lake, akaliweka chini, akalikalia. Tukishakaa wote tulizungumza. Kila mmoja alisema ameleta nini na ana haraka gani. Mama Cécile ndiye aliyekuwa akianza, kwa sababu hakuna aliyeweza kumzuia. "Mie niko na matanga kwa shemeji, mukinichelewesha batasema niko na roho mubaya!" Mwingine angemjibu kwamba shemeji huyo huyo amekufa mara mbili mwaka huu, na tungevunjika mbavu. Aliyefiwa kweli alianza. Mwenye mgonjwa alimfuata. Aliyetoka mbali alitangulia mbele ya anayekaa hapo nyuma ya ukuta, na aliyetangulia jana alikaa kimya leo. Haikuandikwa mahali popote. Ilichukua saa nzima, siku nyingine zaidi, na tuligombana sana. Mazungumzo hayo hatukuyapa jina la maana. Tuliyaita magunia tu, tuliambiana, "Tutaonana ku magunia."

Odette alikuwa akitoka kilomita kumi na nane, barabara hii hii utakayopita kesho, anasukuma baiskeli yenye mpunga. Akichelewa alilala kwetu. Ndiye aliyekusuka nywele ulipoingia darasa la kwanza, ukakataa mtu mwingine asikuguse kichwa mwaka mzima. Kwenye magunia alikuwa mtu wa haya, hasemi. Mara nyingi mimi nilimsemea. Nilimjua usoni: akiwa na shida alikuwa akishika ncha ya kitenge chake anaikunja na kuikunjua.

Kisha wakanichagua présidente. Na présidente alipelekwa semina.

Ilikuwa siku tano, katika ukumbi wa parokia. Mwalimu alitoka Goma, bwana mwembamba mwenye adabu, aliyekuwa akituita sote "mama" hata wale waliokuwa wadogo kwake. Siku ya kwanza alituambia hivi: kabla hamjabadilisha kitu chochote katika kundi lenu, kaeni nacho mwezi mzima, muulize kinafanya kazi gani. Nililiandika. Daftari ninalo hadi leo, na maneno hayo yamo, kwa mkono wangu, nimeyapigia mstari chini. Lakini siku ya nne alitufundisha organigramme, ule mchoro wa vyeo, na matumizi ya wakati, na mimi, mwanangu, nilipendana na siku ya nne. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Kila mtu na kisanduku chake, kila kisanduku na mshale wake. Nikarudi nyumbani na cheti, papa yako akakitafutia fremu, na kichwa kikanivimba mpaka kilemba hakinienei.

Kundi la wanawake kumi na wanne nikalichorea visanduku kumi na kimoja. Mama Cécile nikamfanya chargée de la discipline, msimamizi wa nidhamu, nikitumaini kwamba akipewa cheo atanyamaza. Halafu nikaigeukia ile saa ya magunia. Katika daftari langu niliiandika chini ya kichwa "Mambo yanayopoteza wakati," namba moja. Nikakata mabati ya madebe ya mafuta, nikayaandika namba kwa rangi nyekundu, na nikatundika ubao mlangoni: anayefika kwanza anachukua namba ndogo, anakoboa kwanza. Hakuna hadithi, hakuna shemeji. Niliwaeleza kwa dakika kumi na tano, na mkono nikaunyoosha kama nilivyomwona yule bwana akifanya.

Wakanipigia makofi. Nakuambia hili kwa sababu na wewe utapigiwa. Watu humpigia makofi mtu aliyejitahidi, hasa akiwa ametoka safari na ana karatasi mkononi. Mimi niliyachukua makofi yale kuwa wamekubali. Kumbe wengine walikuwa wakinionea huruma, na wengine walikuwa wakingoja nimalize wakakoboe.

Na namba zilifanya kazi, nisikudanganye. Wiki za kwanza tulikoboa magunia mengi zaidi kabla ya umeme kukatika. Palikuwa kimya. Wanawake walikaa na vibati vyao, kila mmoja anatazama simu yake au miguu yake. Niliupenda ukimya ule. Nilikaa kwenye meza yangu na rejista, nikajiona nimefika.

Kitu ambacho sikukiona ni kwamba namba ndogo zilichukuliwa na wale wanaokaa karibu, kila siku wale wale. Aliyetoka kilomita kumi na nane alikuta namba ishirini na kitu. Zamani tungeliona hilo asubuhi ya kwanza, kwa sababu lingepigiwa kelele. Sasa hapakuwa na mahali pa kulipigia kelele. Mahali hapo nilikuwa nimepafuta mimi.

Siku yenyewe Odette alichukua namba ishirini na sita. Hakuja na gunia. Alikuja na beseni, mpunga wa kujaa beseni moja, na ningepaswa kushangaa: mtu asukume baiskeli kilomita zote zile kwa ajili ya beseni? Alisimama kidogo, akaja mezani kwangu. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake.

"Mama Mwajuma," alisema, "leo niko na—"

"Odette, namba ni namba," nikamwambia. "Nikikuachia weye, kesho nitakatalia nani?"

"Iko kadogo tu. Beseni moja."

Nilinyoosha kidole, nikamwonyesha ubao.

Nilisema kwa upole, usifikiri nilimfokea. Nilijivuna hata, kwamba sipendelei rafiki yangu. Akaenda akakaa. Saa nne umeme ukakatika, na uliporudi jua lilikuwa limeshageuka. Katikati ya hapo alikuja mwanamume mmoja kwa mguu, akamwinamia Odette, akamwambia neno. Odette akainuka. Akaja mezani kwangu, akaweka kile kibati juu ya vingine, akakisawazisha vizuri ili rundo lisianguke, akaondoka. Beseni lake likabaki pale pale.

Mama yake alikuwa amefariki. Walikuwa wamemleta mjini siku tatu kabla, wakamlaza mtaa wa Kabondo kwa binamu yao, na alikuwa hali kitu. Jana yake mchana alimwambia Odette kwamba angeweza kunywa uji, kama ungekuwa wa mchele mpya wa shamba lake mwenyewe. Odette akakimbilia kwao, akarudi na beseni. Ndiyo maana ya beseni. Kulikoboa kungechukua muda mfupi kuliko huu niliotumia kukuandikia habari zake. Uji usingemponya yule mama, najua, hata daktari alisema hivyo. Lakini angeunywa kutoka mkononi mwa binti yake, na binti yake angekuwa pale. Badala yake binti alikuwa Simi-Simi, amekaa anatazama ubao, ameshika bati langu.

Nilikwenda kwenye matanga. Alinipokea kwa heshima, akanitafutia kiti, akaniletea maji. Ningeona afadhali anitukane. Nilipoanza kusema kwamba ningalijua, aliniangalia akasema taratibu, "Mama Mwajuma, nilikuya kukuambia. Weye ulinionyesha ubao." Hakuja tena kukoboa kwetu, wala kulala kwetu. Baadaye nikasikia amehamia Bafwasende kwa wajomba zake.

Ungefikiri siku ya pili nilizichoma zile namba. La. Nilizitetea miezi mingi. Niliwaambia watu kwamba ni bahati mbaya, kwamba sheria haiwezi kujua yaliyo moyoni mwa mtu, kwamba Odette angesema kwa nguvu. Nilimlaumu yeye kwa haya yake, mimi niliyezijua haya hizo kuliko mtu yeyote. Hapo ndipo ninapojionea aibu hadi leo, Mwajuma, kupita hata ile asubuhi yenyewe. Ile asubuhi sikujua. Miezi iliyofuata nilijua.

Aliyenivua nguo ni Mama Cécile, kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka. Alisimama na cheo chake cha discipline, akasema, "Bon, présidente. Zamani tulikuwa tunapiga makelele, lakini tulikuwa tunajuana. Sasa tuko kimya sawa batu banaongoja docteur. Weye uliona ugonjwa gani kwetu, mpaka ulituletea hii dawa?" Sikuwahi kuwauliza wanaumwa nini. Wakapiga kura, wakachagua mwingine. Nikarudi nyumbani nikaitoa ile fremu ukutani, na nikanuna karibu mwaka mzima. Labda unakumbuka kipindi ambacho papa yako ndiye alikuwa akipika.

Niliporudi nikiwa mwanachama wa kawaida, nilikuta wamejipanga upya. Magunia yalikuwa yamerudi, lakini kwa nusu saa tu. Namba walizibakiza, za kugawia majirani waliokuja baada ya hapo. Na kulikuwa na mwanamke mmoja, zamu ya kila wiki, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapitia wale wasiosema na kuwauliza pembeni. Yote hayo waliyapanga wenyewe, asubuhi moja, wakigombana, bila rula. Yalikuwa bora kuliko yangu, na niliona wivu. Nikaenda kufungua daftari nikasoma tena siku ya kwanza ya semina.

Kazi yako mnaiita développement organisationnel, na uliponieleza nilikutania kwamba jina lake ni refu kuliko barabara ya Bafwasende. Lakini naiheshimu, usidhani naidharau. Mimi niliionja. Ninavyoielewa sasa, kazi hiyo ni kuwasaidia watu wajione wanavyofanya kazi, ili waweze kujirekebisha wenyewe hata siku ambayo wewe haupo. Mimi niliifanya kinyume: niliona mimi, nikarekebisha mimi, na wao wakakaa na vibati.

Wala usinielewe vibaya, ukafika kule ukawaambia kila kitu cha zamani ni kizuri. Magunia yalikuwa na dhuluma zake. Mama Cécile alikuwa akipata kwa sababu ya sauti, na mtu kama Odette alihitaji mimi nimsemee. Siku nisipokuwepo, nani alimsemea? Sikuwahi kujiuliza, kwa sababu nilipenda kuwa mwenye kumsemea. Kundi letu lilihitaji kubadilika kweli. Ndiyo maana sitaki uache kazi hii hata kidogo, na ndiyo maana nakuambia habari hii kabla hujaondoka badala ya kukungoja urudi.

Kuna jambo jingine dogo la wakati ule ule. Fundi wa mashine alikuwa akijulikana na mimi peke yangu. Anakaa wapi, anapatikana saa ngapi, mkanda unakazwa vipi, yote yalikuwa kichwani mwangu. Nikashikwa na malaria wiki mbili, na mashine ikasimama wiki mbili. Wakaja hadi kitandani kuniuliza, wamejipanga mlangoni, na mimi huku natetemeka chini ya blanketi nilikuwa na furaha. Nilifurahi, Mwajuma, kwamba hawawezi bila mimi. Wewe ni mtoto wangu, damu hiyo unayo. Watakapoanza kukuambia kule kwamba bila Mademoiselle Mwajuma mambo hayaendi, utasikia utamu wake. Ukiusikia, nipigie simu, nitakukumbusha ile malaria.

Karatasi yako nimeinyoosha, nimeiweka chini ya begi, chini kabisa, chini ya viatu. Usiitupe, umeifanyia kazi, na huenda siku moja watakuomba wenyewe uwachoree kitu. Ila usiitoe kwanza. Kaa nao wakivuna. Tazama nani anamsemea nani. Ukiona wanafanya jambo la kijinga, la kuchosha, linalokula saa nzima, shika rula yako kwa mikono miwili ukae nayo, uulize linamfaa nani. Sitaki kukuhubiria, basi naishia hapo.

Sasa Odette. Nilipoanza barua hii nilikuwa nimeshapanga yote. Kwenye begi lako nilikuwa nimetia kitenge kipya, cha kumpelekea. Na nilikuwa nimekuandalia maneno ya kumwambia, kwanza hivi, pili hivi, tatu hivi: kwamba maman anaomba msamaha, kwamba hajasahau, kwamba mlango uko wazi. Nilitaka umpelekee, naye akusikilize kwa sababu alikupenda, na akusamehe wewe ili nipate kusamehewa mimi. Nimeandika hadi hapa, nikasimama kukoroga pondu, na nikiwa na mwiko mkononi nikajiona. Ni mimi yule yule. Nimempangia Odette msamaha wake, nimeupigia na mshale, na yeye mwenyewe hajaulizwa. Nimekitoa kitenge kwenye begi.

Kwa hiyo usimpelekee neno lolote langu. Mwambie wewe ni Mwajuma, kama hatakujua kwa sura, halafu mwache aongee, na asipoongea usimharakishe, ni mtu wa haya. Akikuuliza kama unajua kilichotokea, usijitie hamnazo. Mwambie unajua, na kwamba nimekuambia mimi mwenyewe. Akipenda kukusimulia upya kwa namna alivyokiona yeye, msikilize mpaka mwisho, na pale anaponisema vibaya usinitetee. Kisha, siku ambayo wewe utaona inafaa, si siku ya kwanza, muulize swali moja tu: Maman anaweza kuja? Akisema ndiyo, nitapanda lori la kwanza linalokwenda huko, na magoti yangu yatajijua.

Akisema hapana, usimbembeleze, na usimwambie kwamba mimi ni mzee au ninaumwa. Niletee hapana yake kama ilivyo. Nitaipokea.

Na kama atasema hapana kwangu, na karibu kwako, ingia, mwanangu. Kula kwake, lala kwake, mpe kichwa akusuke. Mwite Tantine. Alikuwa wako kabla sijamharibia njia ya kuja kwetu, na sina haki ya kukuzuia mara ya pili. Usinionee huruma kwa hilo.

Maman wako